Alama ya TBS kwa unga wa lishe: anza na chumba, lebo itafuata

Swali la kwanza ninaloulizwa huwa ni "Alama ya TBS inalipiwa shilingi ngapi?" La pili huja kwa sauti ya chini kidogo: "Una mtu Ubungo?", yaani kwenye ofisi za TBS, Shirika la Viwango Tanzania, linalotoa alama hiyo ya ubora. Nimeyajibu kwenye simu hadi nimechoka, mara nyingine nikiwa nimebanwa kwenye daladala, ndiyo maana leo nayaandika. La mtu wa Ubungo nalimaliza hapa hapa: huhitaji mtu, unahitaji daftari. Utanielewa ukifika hatua ya tatu.

Natumia unga wa lishe kama mfano kwa sababu ndio wanaouleta wengi wanaonitafuta, na ni bidhaa inayofeli maabara kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Kama wewe unatengeneza siagi ya karanga, asali, achari au viungo vya pilau, mpangilio ni uleule. Kinachobadilika ni kiwango na vipimo.

Uende ofisi gani?

Bado kuna watu wanaelekezwa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. TFDA haipo tena. Tangu Julai 2019 masuala ya chakula na vipodozi yamehamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na ile iliyokuwa TFDA ikawa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo usajili wa jengo la kuzalishia chakula na alama ya ubora vyote unavifuata TBS. Wa maziwa na wa nyama wana bodi zao za kuongeza. Ukiwa Zanzibar, milango yako ni ZBS kwa viwango na ZFDA kwa chakula.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jina la biashara lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN ya TRA na leseni ya biashara ya halmashauri yako. Jina liwe lilelile kwenye karatasi zote, herufi kwa herufi. "Neema Foods" huku na "Neema Food Products" kule ni biashara mbili machoni pa anayepokea maombi.
- Barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, kama wewe ni mjasiriamali mdogo. Barua hii ndiyo inayokufungulia unafuu wa gharama uliowekwa kwa wanaoanza. Nenda ofisi ya SIDO ya mkoa wako kabla hujalipa chochote popote.
- Chumba kisichofanya kazi nyingine. Siyo jiko la nyumbani wala sebule inayogeuka kiwanda usiku.
- Vyeti vya afya vya kila anayegusa chakula, wewe ukiwemo, vilivyo ndani ya miezi sita.
- Mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo.
- Nakala ya kiwango cha bidhaa yako.
- Rasimu ya lebo kwenye karatasi ya kawaida. Nimesema rasimu.

Hatua ya 1: Ijue bidhaa yako kwa jina na kwa uzito

Viwango vya Tanzania huanza na herufi TZS, vya Afrika Mashariki huanza na EAS. Nenda TBS au uwaandikie, waeleze unatengeneza nini, wakuonyeshe kiwango kinachokuhusu. Kisome. Kina kurasa chache, na maswali mengi ninayoulizwa majibu yake yamo humo.

Kisha andika mchanganyiko wako kwa asilimia za uzito, siyo kwa makopo na vijiko. Kama ni mahindi 60, soya 20, karanga 10, uwele 10, iwe hivyo kila siku ya kusaga. "Kisado kimoja na nusu" hakipimiki, maana kisado cha soya na kisado cha mahindi havilingani uzito.

Hapa niseme jambo ambalo halipendwi: punguza vitu. Nimeona unga wenye nafaka kumi na mbili, na sababu yake kubwa ni kwamba jirani anauza wenye kumi na moja. Kila kitu unachoongeza ni muuzaji mwingine wa kumfuatilia, gunia jingine la kuhofia kuvu, na mstari mwingine kwenye lebo. Vitu vinne vinavyojulikana vinapita haraka kuliko kumi na mbili vya kubahatisha.

Hatua ya 2: Tengeneza chumba

Wengi wanaanza na lebo nzuri kisha wanatafuta chumba. Geuza.

Fanya zoezi hili kabla ya kumwita fundi. Simama mlangoni, chukulia una gunia la mahindi begani. Tembea: unalitua wapi, unachambulia wapi, unaoshea na kukaushia wapi, unakaangia wapi, unasagia wapi, unapozea wapi, unafungashia wapi, unga uliofungwa unatokea wapi? Chora njia hiyo kwa chaki sakafuni. Mstari ukijikata, yaani unga uliokwisha kukaangwa unapita palepale gunia la vumbi linapopita, una kazi ya kufanya. Mkaguzi akifika ataufuata mstari huohuo, hata kama wewe hujauchora.

Baada ya hapo ni mambo ya kawaida, lakini ndiyo yanayorudisha watu:

- Sakafu na kuta zinazoosheka, bila nyufa. Dari iwepo, bati tupu linadondosha vumbi na jasho.
- Nyavu kwenye madirisha, na mlango unaojifunga.
- Taa yenye kifuniko juu ya sehemu ya kazi, ili globu ikipasuka vipande visiingie kwenye unga.
- Choo kisifungukie kwenye chumba cha kuzalishia.
- Sehemu ya kunawia mikono yenye maji na sabuni, tofauti na ya kuoshea vyombo.
- Chaga za kupandishia magunia. Gunia lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta.
- Dawa za wadudu, mafuta ya mashine na nguo za wafanyakazi vikae nje ya chumba.

Kama unasagisha kwenye mashine ya mtaani, sema hivyo mapema na uulize. Mashine inayosaga unga wako saa nne na dona la mtu mwingine saa tano haina namna ya kuthibitishwa kama yako. Wengine wameanza kwa kukodi nafasi kwenye majengo ya viwanda ya SIDO, ambako chumba tayari kimejengwa kwa kazi hiyo, na si wazo baya kwa asiye na mtaji wa kujenga.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Kumbuka alama ya ubora haitolewi kwa sababu unga wa Jumanne ulikuwa mtamu. Inatolewa kwa mtu anayeweza kuonyesha kwamba unga wa Jumanne na wa mwezi ujao utatoka vilevile. Huwezi kuonyesha hilo bila maandishi.

Daftari la kaunta linatosha. Kila bechi, yaani unga wa mkupuo mmoja wa kusaga, ipewe ukurasa wake, uonekane hivi:

*Bechi 014. Tarehe ya kusaga. Mahindi kilo 60, kutoka kwa nani, yaliingia lini. Soya kilo 20, kutoka kwa nani. Karanga kilo 10, kutoka kwa nani. Uwele kilo 10, kutoka kwa nani. Zilizochambuliwa na kutupwa: kilo 4, kabla ya kupima mchanganyiko. Soya ilikaangwa dakika ngapi, nani alikaanga. Paketi zilizotoka: za kilo moja 88, za nusu kilo 16. Zilienda maduka gani.*

Namba hiyo ya bechi ndiyo itakayokaa kwenye paketi. Siku duka likikupigia simu kwamba paketi ina wadudu, unafungua ukurasa wa 014, unajua magunia yalitoka kwa nani na zilizobaki ziko wapi. Asiye na daftari anarudisha mzigo wote sokoni, au anaomba Mungu.

Weka na daftari la usafi: nani kasafisha nini, saa ngapi. Ila usilijaze lote kwa kalamu moja usiku wa kuamkia ukaguzi. Mwandiko mmoja, wino mmoja, miezi mitatu bila doa hata moja la unga? Mkaguzi naye ana macho.

Hatua ya 4: Pambana na sumukuvu kabla haijakufuata

Nadharia kidogo tu, kwa sababu hapa ndipo unga wa lishe unapoangukia. Mahindi na karanga huota ukungu unaotoa sumu, tunaiita sumukuvu. Haionekani, haina harufu wala ladha. Mwaka 2016 iliua watu 20 mikoa ya Dodoma na Manyara, kupitia mahindi ya nyumbani. Na unga wako unakwenda kwa mtoto wa miezi saba, siyo kwa mtu mzima anayekula leo ugali kesho wali.

Kikomo kwa nafaka na karanga katika viwango vya Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa ile aina kali zaidi, B1. Ni kiasi kidogo sana. Punje chache zilizooza kwenye gunia zinatosha kuvuka.

Fanya hivi:

Nunua mahindi makavu. Kiwango cha mahindi kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kuna kipimo cha mkononi cha unyevu ambacho kikundi kinaweza kununua kwa kuchangishana. Kung'ata punje na kusikiliza mlio ni ujuzi wa bibi zetu, unasaidia sokoni, lakini hauandikiki kwenye daftari.

Chambua kwa mkono, mezani, kwenye mwanga. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika. Karanga ndizo za kuchambua mara mbili. Kazi hii inachosha na ndiyo inayopunguza sumu kuliko nyingine yoyote ndani ya uwezo wako. Ulizotoa usimpe kuku wala usiuze kwa bei ya chini, zitupe.

Usitegemee moto. Kukaanga kunapunguza kiasi, hakuimalizi sumu. Wanaosema "sisi tunakaanga vizuri, hakuna shida" ndio ninaokutana nao baadaye wakiwa na majibu mabaya mkononi.

Ukipeleka sampuli yako ya majaribio maabara, changanya kutoka magunia yote, juu, katikati na chini. Sumu haisambai sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa safi na la jirani yake likawa na balaa.

Hatua ya 5: Peleka maombi

Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa TBS. Kama kompyuta si rafiki yako, ofisi ya kanda au SIDO watakusaidia. Tumia barua pepe na simu yako mwenyewe, siyo ya kijana wa steshenari. Nimekutana na mama ambaye ujumbe wa kuitwa kwenye ukaguzi ulikaa wiki kadhaa kwenye barua pepe ya kijana aliyekwisha kuhamia Mwanza.

Kila bidhaa inaombewa peke yake. Kupata alama ya unga wa lishe hakukupi ruhusa ya kuiweka kwenye siagi ya karanga uliyoanza mwezi uliopita, hata kama chumba ni kilekile na mikono ni ileile.

Malipo yoyote yawe kwa namba ya malipo ya serikali, ile kontro namba. Anayekuambia utume kwenye simu yake "ili mambo yaende" hakusaidii.

Hatua ya 6: Ukaguzi na sampuli

Mkaguzi akija, fanya kazi. Usifunge kiwanda ili kionekane kisafi. Anataka kuona unga ukitengenezwa. Valia koti na kofia, vua pete na saa, kata kucha. Akikuuliza jambo usilolijua, sema hulijui. Akikuta dosari ataiandika na kukuambia urekebishe nini. Omba nakala, rekebisha, piga picha, toa taarifa. Kupewa marekebisho si kukataliwa, ingawa watu wengi hukata tamaa hapo na kuanza kusema wamefanyiwa fitina.

Sampuli anachukua yeye, anaifunga na kuiwekea lakiri mbele yako. Usimwandalie paketi maalumu. Ikifaulu paketi maalumu, utakamatwa na ya kawaida baadaye ikiwa sokoni, na hapo mzigo unaondolewa rafuni.

Hatua ya 7: Sasa njoo kwenye lebo

Mwaka wangu wa kwanza nilichapisha vifungashio 3,000 kabla ya majibu ya maabara. Vilipendeza. Vilikuwa na kosa la jina la bidhaa na sehemu ya bechi haikuwepo. Vipo hadi leo, tunafungia mbegu za mchicha za kupanda nyumbani.

Lebo iwe na jina la chakula, viambato kuanzia kilicho kingi hadi kidogo, uzito halisi bila kifungashio, jina na anwani yako, nchi, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi na namna ya kupika. Karanga, soya na ngano zitajwe waziwazi kwa ajili ya wenye mzio. Kiswahili kiwepo, mnunuzi wako anakisoma.

Usiandike kwamba unga unatibu. "Huondoa kisukari, huongeza damu, hurudisha nguvu za kiume": nimeyaona yote matatu kwenye paketi moja ya uji wa watoto. Ukidai inatibu, umehama kwenye chakula na kuingia kwenye dawa, na huko kuna milango mingine kabisa.

Msimbo wa mistari unatolewa na GS1 Tanzania, na namba zake zinaanza na 620. Supamaketi watakuomba. Lakini msimbo ni namba ya kutambulisha bidhaa kwenye kaunta, hauthibitishi ubora, na 620 haimaanishi TBS wameupitisha. Usimruhusu mchapishaji akupe namba "ya bure" aliyoinakili kwenye biskuti.

Alama ya TBS yenyewe haipakuliwi mtandaoni. Subiri leseni, kisha ichapishe kama leseni inavyoelekeza, kwa bidhaa iliyotajwa tu.

Hatua ya 8: Baada ya leseni

Leseni ina tarehe ya mwisho. Iandike ukutani, na anza kuhuisha mapema. Wakaguzi watarudi, pengine bila taarifa, na watachukua paketi madukani. Ukibadilisha mchanganyiko, ukihama chumba au ukibadili jina, toa taarifa kabla.

Ukiwaza kuvuka mpaka, sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006 inataka bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama itambuliwe na nchi nyingine. Hata hivyo beba majibu yako ya sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo, na ilipolegeza baada ya siku chache ilitaka cheti kinachoonyesha kiwango hakizidi 10. Waliokuwa na karatasi walivuka.

Ukikwama

*Maombi yamekaa kimya.* Ingia kwenye mfumo uangalie kama kuna kitu umeombwa kuongeza. Mara nyingi mpira uko kwako na hujui. Kisha piga simu ukiwa na namba ya maombi, siyo "mimi ndiye yule wa unga".

*Sampuli imefeli sumukuvu.* Usiombe tu ipimwe tena. Fungua daftari, tafuta bechi, tenga magunia yaliyobaki ya muuzaji huyo. Anza na karanga, kisha mahindi. Badilisha chanzo, chambua upya, tengeneza bechi mpya, pima mwenyewe kwanza.

*Imefeli vijidudu vya uchafu.* Karibu mara zote ni mikono, maji, au unga uliopozwa wazi baada ya kukaangwa. Anza na sehemu ya kupozea.

*Unyevu uko juu.* Ulifungasha unga ukiwa bado na joto, au mfuko hauzibi vizuri. Usiku mmoja wa kupoa chini ya kitambaa safi ndani ya chumba kilichofungwa, na kujaribu mshono wa mfuko kwa kuuzamisha kwenye maji, vitakuonyesha.

*Uzito umepungua.* Mizani imehama, au unapima pamoja na mfuko. Pima paketi kumi kila bechi na uandike.

*Chumba ni cha kupanga na mwenye nyumba hataki ubomoe.* Kizigeu cha alumini na plastiki kinaosheka na kinabebeka siku ya kuhama. Ila ukihama, jengo jipya linasajiliwa upya, kwa hiyo mkataba wa miezi mitatu mitatu usiuanzie safari hii.

*Duka linataka alama wiki hii.* Waonyeshe barua ya SIDO na uthibitisho wa maombi, waombe wasubiri. Wakikataa, uza kwingine kwa sasa. Usibandike alama usiyopewa hata kwenye paketi moja ya mfano. Ni kosa la jinai, na picha ya paketi hiyo inasambaa kwenye simu kuliko unga wenyewe.